Kivu imejaa methani, ila mapovu ya ghuba ndo yananinyima usingizi

Kila nikisema kazi yangu ni kupima gesi za ziwani, watu wanakimbilia Ziwa Kivu. Sawa, Kivu ni balaa, methani (ile gesi inayowaka) iliyoyeyuka huko chini ni karibu kilomita za ujazo 60, hewa ukaa kama 300, na Rwanda wanaivuta hiyo methani kufulia umeme, mtambo wa KivuWatt peke yake unatoa megawati 26. Lakini ukipima pale juu, methani inayotoka kwenda angani ni kiduchu. Ziwa lina kina cha mita 485 hivi, maji ya chini ni mazito kwa chumvi na gesi, hayapandi ovyo, na ile methani inayoponyoka ikifika kwenye oksijeni inakuta bakteria wanaisubiri, wanaila, inabaki hewa ukaa.

Sasa njoo Ziwa Victoria, kwenye ghuba za Mwanza na Kisumu ambako maji ni mafupi. Mbolea inatoka mashambani, maji taka yanatoka mjini, mwani unanenepa, unakufa, unazama, na ndani ya tope oksijeni inaisha milimita chache tu kutoka juu, hapo vijidudu vinavyotengeneza methani vinaanza kazi. Chomeka pondo uone. Mapovu yanatoka kwenye maji ya mita mbili na kufika juu ndani ya sekunde chache, bakteria wale hawapati hata muda wa kuonja! (Ile harufu ya yai viza sio methani jamani, methani haina harufu, hiyo ni gesi ya salfa.) Na kilo moja ya methani inapasha joto dunia zaidi ya mara 25 ya kilo ya hewa ukaa, ukihesabu kwa miaka 100.

Mapovu hayo tunayanasa kwa faneli kubwa iliyopinduliwa, chupa juu yake. Ni kazi ya kuudhi kwa sababu mapovu hayana adabu, faneli mbili jirani, moja imejaa nyingine haina kitu, alafu presha ya hewa ikishuka yanatoka kwa fujo.

Kuna wanaosema basi tukaushe vinamasi vya mafunjo, maana navyo vinatoa methani. Hapana aisee. Tope la chini ya mafunjo limefungia kaboni ya miaka mingi sana kwa sababu limelowa, ukilikausha oksijeni inaingia, inaoza yote, inaondoka kama hewa ukaa. Bana maji taka na mbolea kwanza. Na ndio, mafunjo yenyewe yanapitisha methani kwenye mashina, tunayapima pia, ila mimi ningeyaacha.