Doa la Bwawani Halihitaji Klorini Zaidi

"Fundi, nimemwaga klorini mara mbili kwenye bwawa la kuogelea na doa limezidi." Kauli hii naisikia kila mara, na jibu langu ni lilelile: limezidi kwa sababu umemwaga klorini.

Watu wanaamini kila doa ni uchafu, na kila uchafu dawa yake ni klorini. Sivyo. Doa la majani, mbegu au matunda yaliyolala sakafuni, sawa, klorini italifuta. Doa la metali ni habari nyingine kabisa. Chuma kilichoyeyuka ndani ya maji ya kisima hakionekani. Unajaza bwawa na maji yanang'aa. Klorini ikikikuta inakigeuza kutu, na kutu inaganda ukutani, sakafuni, kwenye ngazi. Ukiongeza klorini unaharakisha kazi hiyohiyo, na pH (kipimo cha uchachu wa maji; namba ikishuka, maji yana asidi zaidi) ikiwa juu ndiyo kabisa. Shaba nayo huacha rangi ya kijani-buluu, hata weusi. Mara nyingi inatoka kwenye dawa za mwani zenye shaba, au kwenye kipasha maji ambacho mabomba yake yameliwa na maji yenye pH ya chini.

Kwa hiyo pima kabla ya kumwaga chochote. Chukua kidonge cheupe cha vitamini C, kibonyeze juu ya doa kwa nusu dakika hivi. Likipauka, ni metali, hasa chuma. Lisipotikisika, jaribu klorini kidogo palepale (isipokuwa kwenye bwawa la plastiki, maana itababua rangi). Likipauka hapo, ni la majani. Naomba sana mfanye jaribio hili. Ni rahisi na linaokoa gharama nyingi.

Kama ni chuma, acha klorini ishuke karibu na sifuri, weka pH kwenye 7.2, kisha tia asidi ya askobiki, ambayo ndiyo vitamini C yenyewe. Doa likitoka, chuma kimerudi majini, hakijaondoka. Tia dawa ya kufunga metali siku hiyohiyo, halafu rudisha klorini kidogo kidogo. Anayeruka hatua hii doa humrudia, kisha anailaumu dawa.

Mengine nayasema kwa ufupi. Harufu kali ya klorini na macho kuwasha si dalili ya klorini nyingi. Ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, na bwawa linahitaji klorini mpya, si kupunguziwa.

Maji maangavu si lazima yawe sawa. Yanaweza kuwa na pH ya 6.8 na yanakula plasta huku mkiyasifia. pH ikae kati ya 7.2 na 7.8, alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) 80 hadi 120 mg kwa lita.

Bwawa la chumvi si bwawa lisilo na klorini; mashine inaitengeneza kutoka kwenye hiyo chumvi.

Na wanaotegemea vidonge vya klorini pekee mwaka mzima: vingi vina asidi ya sianuriki (kinga ya klorini dhidi ya jua), inayojikusanya hadi klorini inalegea na mwani unaota hata kipimo kikionyesha klorini ipo. Kuongeza vidonge hakusaidii. Toa sehemu ya maji, jaza mapya, na hayo mapya yapime chuma kabla hayajaingia.