Jengo la zamani la shule: usianze na saruji

Elimu ya Msingi kwa Wote ilipoanza mwaka 1997, shule nyingi za vijijini Uganda zilijengewa madarasa mapya. Yale ya zamani, mengi yakiwa kazi ya misheni, yakaachwa kuwa stoo na makao ya popo. Leo vijiji vinayataka tena yawe ukumbi wa mikutano, maktaba, mahali pa kuchanjia watoto. Mara nyingi kuta zake bado ni nzima. Kinachozimaliza ni ukarabati wa haraka, hasa plasta ya saruji.

Kabla ya kushika mwiko, shika karatasi. Ardhi nyingi ya aina hii ni ya kanisa au msikiti. Nyingine ilitolewa na ukoo kwa maneno matupu, na wajukuu huidai siku wanapoona mabati mapya yanang'aa. Andikeni makubaliano kati ya taasisi mwanzilishi, kamati ya shule na uongozi wa kaunti ndogo, mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani wanaopakana: mtalitumia miaka mingapi, nani anatengeneza kinachoharibika. Kibali cha ujenzi nacho ni cha lazima chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013, na hutolewa na kamati ya majengo ya wilaya.

Ukaguzi ufanyike mvua inanyesha. Jua linaficha mengi. Tazama maji yanadondokea wapi kutoka ukingo wa paa, yanarukia ukuta hadi kimo gani, yanatuama wapi. Kisha chukua msumari wa inchi nne, uukwaruze kwenye kiungo kati ya matofali. Ukitoa vumbi la udongo kama unga, basi tofali za kuchoma zimeshikwa na tope, na hivyo ndivyo zilivyo kuta nyingi za zamani. Gongagonga plasta kwa mpini wa nyundo. Inapolia kama debe tupu, imeshaachana na ukuta.

Ukuta wa namna hii, ulioshikwa kwa tope, hauna kizuizi cha unyevu msingini. Maji hupanda kutoka ardhini na kutoka nje kwa kupumua kupitia viungo. Ukiufunika kwa saruji umeuziba pumzi: unyevu unapanda juu zaidi, tope linalainika, mchwa wanapata njia yenye giza na maji, na baada ya misimu michache plasta inaanguka kipande kizima ikiwa imeng'oa na uso wa tofali. Mwenye nyumba anaona saruji haikutosha, anaongeza nyingine. Hapo ukuta unaelekea kuanguka.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuyaondoa maji. Shusha udongo uliorundikana ukutani hadi uwe sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani, weka mteremko wa kupeleka maji mbali na ukuta, na chimba mfereji mita moja na nusu kutoka ukutani. Weka gata. Paa la mita 20 kwa 7 lina mita za mraba 140. Mvua ya milimita 30 inakupa lita kama 3,500 baada ya kutoa zinazopotea, kwa hiyo tangi la lita 10,000 si anasa. Msingi ulioliwa na mmomonyoko ujazwe kwa vipande visivyozidi mita moja, ukiruka kimoja kwanza. Fundi anayechimba upande wote kwa siku moja anauangusha ukuta.

Ukuta uache ukauke wiki kadhaa, ndipo uguse plasta. Bandua saruji iliyolegea kwa tindo ndogo. Iliyoshika sana juu iache, maana kuing'oa kunavunja tofali. Viungo vilivyoliwa vikwangue kina cha milimita 25, vilowanishe, uvijaze kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu.

Chokaa inapatikana Tororo na upande wa Kasese. Ukiuziwa ya mawe ambayo haijazimwa, jihadhari: ikikutana na maji inachemka na kuunguza macho, basi vaa miwani na glavu, na mimina chokaa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa. Ya unga iloweke angalau siku nzima iwe uji mzito. Mchanga upime kwenye chupa ya maji: tikisa, uache utulie, tope la juu likizidi milimita 8 kwa kila milimita 100 za mchanga, uoshe.

Kwa jengo la mita 20 kwa 7 lenye kuta za mita 3, nje mna takriban mita za mraba 130 ukitoa milango na madirisha. Mikono miwili ya plasta, jumla milimita 20, inataka mchanga mita za ujazo 3 na mifuko kama 25 ya chokaa ya kilo 25. Lowanisha ukuta, piga mkono wa kwanza, uukwaruze, usubiri siku kadhaa. Kisha piga wa pili, tundika magunia mabichi na uyanyunyizie wiki nzima. Chokaa hukomaa kwa kunywa hewa ukaa taratibu ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua inabaki unga unaofutika kwa kiganja. Lipu nyingi "mbaya" nilizoonyeshwa zilikuwa na mchanganyiko sahihi, zikanyimwa maji tu. Kusini, kazi hii ifanyike kati ya Juni na Agosti, mvua kubwa zikiwa zimepita.

Kila kijiji kitataka kuvunja kuta za kati ili kipate ukumbi mmoja mkubwa. Hapo huwa sikubali. Kuta hizo ndizo zinazoshika zile ndefu zisilale. Toboa uwazi wa mita 2.4, acha vipande vya angalau sentimita 90 kila upande, na lenta, boriti ya juu ya uwazi, ilalie ukuta sentimita 20 pande zote mbili.

Paa la asbesto lisikatwe wala kutobolewa wala kuvunjwa. Muulizeni afisa mazingira wa wilaya jinsi ya kuliondoa. Mabati mapya yawe geji 28, kwa kuwa geji 32 hupeperuka mapema. Kila kenchi ifungwe kwa ukanda wa chuma unaoshuka ukutani safu kadhaa za tofali, maana msumari peke yake kwenye mtambaapanya, ubao unaolala juu ya ukuta, hauzuii upepo. Tooro, magharibi mwa nchi, iliyotikiswa na matetemeko ya 1966 na 1994, ongezeni mkanda wa mbao ngumu juu ya kuta zote, uliofungwa imara pembeni. Kwa ukuta wa tope ni mwepesi kuliko zege.

Radi pia. Juni 2011 iliua wanafunzi 18 wa shule ya Runyanya, Kiryandongo. Mabati bila waya wa kupeleka umeme ardhini hayalindi mtu. Waya huo uwe wa chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu wa shaba huibwa.

Milango iwe miwili, upana sentimita 90, ifunguke kwenda nje, na kwenye mlango mmoja njia ya mteremko wa moja kwa kumi na mbili kwa ajili ya viti vya magurudumu. Gata zisafishwe kila Februari na Agosti, na mtu wa kuzisafisha aandikwe jina kwenye makubaliano yale yale ya ardhi.