Marree, mji wa reli na ngamia: yanayosemwa na yaliyokuwa

Marree ni mji mdogo wa jangwani kaskazini mwa jimbo la Australia Kusini. Ukiulizia habari zake utapewa kisa kilekile: walikuja Waafghani na ngamia wao, reli ikafika, ngamia wakakosa kazi, kisha reli nayo ikafa. Kisa kinasimulika vizuri, ila kina mashimo.

Eti reli iliwanyang'anya ngamia kazi

Hapa ndipo penye kosa kubwa, basi tuanze napo. Njia ya reli ilifika Marree mwaka 1884, wakati huo stesheni ikiitwa Hergott Springs, jina lililofutwa enzi za Vita Kuu ya Kwanza kwa sababu lilinukia Ujerumani. Sasa jiulize: reli ikiishia hapo, mzigo unaendaje mbele? Wafugaji walikuwa wametawanyika mamia ya kilomita, hadi Birdsville ng'ambo ya mpaka wa Queensland, zaidi ya kilomita 500 za mchanga na mawe. Unga, chai, sukari, waya za uzio, vyote vilishushwa kwenye mabehewa vikapakiwa migongoni mwa ngamia. Wakirudi, walirudi na sufu ya kusafirishwa kwa treni. Yaani treni na ngamia walikuwa wakilishana. Hata reli iliposogezwa kaskazini hadi Oodnadatta, ilikofika mwaka 1891, ngamia walitumika kuwapelekea wajenzi mahitaji yao.

Aliyewatoa ngamia barabarani ni lori. Magari yalianza kushika njia miaka ya 1920, na mwaka 1925 jimbo likatunga sheria ya kuruhusu ngamia wanaozurura wauawe. Wenye ngamia wengi hawakuwa na moyo wa kumpiga risasi mnyama waliyevumilia naye kiu, wakawaachia porini. Ngamia mwitu wa Australia wa leo ni kizazi cha hao. Barua za Birdsville, kuanzia mwaka 1936, zilipelekwa kwa lori na dereva aitwaye Tom Kruse. Siyo yule wa Hollywood; huyu kazi yake ilikuwa kulikwamua gari kwenye matuta ya mchanga.

Eti wote walikuwa Waafghani

Baadhi, ndiyo. Wengi walitoka Balochistan, Sindh, Punjab na Peshawar, na bandari yao ya kuondokea ilikuwa Karachi. Tajiri Thomas Elder aliposhusha ngamia zaidi ya 100 kwenye bandari ya Port Augusta katikati ya miaka ya 1860, wachungaji waliokuja nao waliitwa Waafghani kwa mkupuo, na jina likawaganda. Ni kama pwani kwetu, ambako Mwarabu wa Yemen aliitwa Mshihiri hata kama bandari ya Shihr hajawahi kuiona.

Pale Marree walijenga msikiti wa udongo, mbele yake birika la maji ya kutawadhia. Hiyo ni miaka ya 1880. Anayedhani Uislamu uliingia Australia na wahamiaji wa juzi ana kazi ya kusoma upya. Jambo moja chungu halitajwi sana: reli ilikata mji katikati, Wazungu wakakaa upande mmoja, Waafghani na Waaborijini upande wa pili.

Eti reli ilipita nchi tupu

Ile ni ardhi ya Waarabana, na jirani zao Wadieri. Chini ya jangwa kuna maji mengi, na hapa na pale huchomoza kama chemchemi. Wenyeji walizijua moja moja na walizifuata katika safari zao. Mpelelezi John McDouall Stuart alipita humohumo mwaka 1859, waya wa simu ya maandishi wa kwenda Darwin ukafuata, ukakamilika mwaka 1872, kisha reli. Haikuwa bahati. Kichwa cha treni cha mvuke kina kiu kuliko ngamia, na hakiwezi kwenda pasipo na maji.

Eti The Ghan hupita Marree

Ilipita. Kuanzia mwaka 1929 treni hiyo ilipanda kutoka Adelaide hadi Alice Springs, na watu wengi husema jina lake limefupishwa kutoka Afghan. Ilisifika kwa kuchelewa. Njia ilipigwa mabondeni, hivyo mvua ikinyesha mito mikavu hufurika na kuzoa tuta pamoja na vyuma. Mataruma ya mbao nayo yaliliwa na mchwa.

Halafu pakawa na suala la upana, yaani nafasi kati ya vyuma viwili vya reli. Njia ya zamani ilikuwa ya milimita 1,067, sawa na TAZARA yetu. Mwaka 1957 njia mpya ya milimita 1,435 ilifika Marree kutoka kusini na kuishia hapo, ikabidi abiria na mizigo wahamishwe kutoka treni moja hadi nyingine. Aliyewahi kuona mzigo ukihamishwa Kidatu, reli ya kati inapokutana na TAZARA, anaelewa. Kero kwa msafiri, ajira kwa mji.

Lakini tayari mwaka 1954 vichwa vya dizeli vilikuwa vimeingia kazini, na dizeli haina haja ya chemchemi. Treni ikawa huru kupita kokote. Mwaka 1980 ilifunguliwa njia mpya kutoka Tarcoola, mbali upande wa magharibi, yenye mataruma ya zege. The Ghan ikahamia huko, na tangu mwaka 2004 inafika hadi Darwin. Marree haiioni.

Vichwa vya dizeli vya enzi hizo vimebaki vimeegeshwa kando ya stesheni ya zamani, vikipigwa jua. Ngamia kwa upande wao bado wana shughuli: mji una mashindano yake ya mbio za ngamia, na watu husafiri kutwa nzima kuja kuyatazama.