Neno "kali" halitoshi: ninavyoonja stauti nzito

Mtu akimeza funda la kwanza la stauti, ile bia nyeusi, yenye alkoholi ya asilimia 10, mara nyingi hukunja uso na kutoa neno moja tu: "Kali!" Nimelisikia mezani kwa miaka yote niliyofanya kazi ya kuonja bia, na kila mara huuliza: kali vipi? Inachoma? Ni chungu? Inakausha mdomo? Ina uchachu? Kwetu pilipili ni kali, siki ni kali, chai iliyokolea majani ni kali, na pombe ni kali. Stauti nzito inaweza kuwa na hayo manne kwa pamoja ndani ya gilasi moja, na kila moja lina chanzo chake kule bia ilikopikwa. Asiyeyatenganisha hawezi kusema kama bia ni nzuri au imeharibika. Atasema tu imemshinda.

Jina lenyewe la stauti lilianza na mzigo huohuo. Waingereza walipolitumia kwa bia katika karne ya 17 (lipo katika barua ya mwaka 1677) walimaanisha bia yenye nguvu, ya rangi yoyote ile. Hata karne iliyofuata kulikuwa na stauti za rangi ya kung'aa. Kisha ikaja pota, bia ya kahawia iliyopendwa na wachukuzi wa mizigo wa London na kupata jina kwao. Pota iliyozidi nguvu ikaitwa stauti pota, na kadiri miaka ilivyopita neno la pili likadondoka. Weusi huu tunaoujua ulikolea baada ya mwaka 1817, pale Daniel Wheeler alipopata hataza ya chombo cha kuzunguka, kama cha kukaangia kahawa, kilichoweza kukaanga kimea (nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia) hadi kiwe cheusi bila kukiteketeza. Kuanzia hapo mpishi wa bia aliweza kutumia kimea cheupe kwa sehemu kubwa, kisha akatia kiasi kidogo cha kimea cheusi na pipa zima likawa giza.

Kwa hiyo usiulize rangi habari za nguvu. Guinness ya bomba ni nyeusi kabisa machoni, na alkoholi yake ni asilimia 4.2 tu, chini ya bia nyingi za rangi ya dhahabu. Nguvu hutokana na wingi wa sukari ya kimea ambayo hamira imeila. Maji ya kimea yenye uzito wa 1.090 kabla ya kuchachushwa (maji matupu ni 1.000), yakishuka hadi 1.022, hutoa bia ya karibu asilimia 9. Ile tofauti ndiyo iliyogeuka kilevi. Kilichobaki juu ya uzito wa maji ndicho kinachoifanya bia ishike ulimi.

Wiki hii nilifungua chupa ya ml 330 ya stauti ya aina iitwayo imperial, asilimia 10.4. Ufalme unaotajwa katika jina hilo ni wa Urusi: pota nzito za kiwanda cha Anchor, Southwark, London, zilisafirishwa hadi huko enzi za malkia Catherine. Mchoraji Joseph Farington aliandika katika shajara yake ya mwaka 1796 kwamba alikunywa pota ya kiwanda hicho, akaambiwa ilipikwa mahsusi kwa malkia huyo na ingeweza kukaa miaka saba. Hilo la miaka saba nitalirudia.

Kabla ya kuonja nilifanya hesabu ninayoifanya siku zote. Chupa hiyo ndogo ina takriban ml 34 za alkoholi tupu, wakati nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina ml 25. Chupa ndogo imeizidi kubwa. Kwa hiyo stauti ya namna hii huwa nagawana na mtu, ml 150 hivi kila mmoja, na maji ya kunywa yakiwa pembeni. Ulimi uliolewa hauonji.

Niliitoa kwenye jokofu na kuiacha mezani hadi ikafika nyuzi 10 hivi. Ikiwa baridi sana utamu hujificha, harufu hulala, na kinachobaki mbele ni uchungu na kuungua. Hapo ndipo "kali" nyingi zinapozaliwa: bia haijapewa nafasi ya kusema chochote kingine. Gilasi iwe yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo ili harufu ikusanyike. Na iwe safi. Niliwahi kuandika kwamba stauti fulani haina povu, kwamba mpishi wake ameshindwa kazi, na siku ya pili nikafungua chupa nyingine ya sanduku lilelile na kuona povu zito la rangi ya kahawia likisimama vizuri. Gilasi ya siku ya kwanza ilikuwa na utando wa mafuta ambao maji hayakuutoa. Nilirekebisha maandishi yangu na kumwomba radhi mpishi. Tangu hapo huosha gilasi mwenyewe, huisuuza mara mbili, na huiacha ijikaukie bila kuifuta kwa kitambaa. Alkoholi nyingi nayo hulidhoofisha povu, kwa hiyo stauti nzito ambayo povu lake linashuka mapema kuwa pete pembeni siihukumu kwa hilo peke yake.

Hii ya wiki hii ilimiminika taratibu, karibu kama mafuta. Nilipoiinamisha mbele ya taa, ule ukingo mwembamba wa bia ulionyesha wekundu wa damu ya mzee. Zilizo nyingi huwa hivyo. Ukizitazama kwa makini utagundua kwamba weusi wake ni kahawia na wekundu vilivyorundikana. Harufu ya kwanza: kahawa ya kusagwa, kakao isiyo na sukari, na kwa mbali zabibu kavu. Niliandika hayo upesi, maana pua huzoea harufu ndani ya muda mfupi na kuacha kuiripoti.

Sasa funda lenyewe. Nisome hapa taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye kazi.

Chukua bia ijae nusu ya mdomo, izungushe, meza, kisha toa pumzi kwa puani ukiwa umefumba mdomo. Usiteme. Harufu inayopanda kutoka kooni kwenda puani baada ya kumeza ni sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha, na uchungu unahitaji muda ili ujitokeze wote. Nyamaza kwa sekunde 30 na usikilize mdomo wako.

Cha kwanza kuja ni moto wa kilevi. Huu si ladha, ni mguso. Ukiwa mzuri unashuka kifuani kama joto la blanketi. Ukiwa mbaya unachoma puani na kwenye ulimi, na una harufu inayokaribia ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mara nyingi ubaya huo hutokana na hamira iliyofanya kazi katika joto kubwa kupita kiasi, na hata kusubiri miaka hakuuondoi wote. Stauti ya asilimia 12 inaweza kuwa laini kuliko ya asilimia 8 iliyochachushwa kwa haraka.

Wa pili ni uchungu, nao uko wa aina mbili. Uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia ili kuipa uchungu, unafanana na kutafuna jani bichi au utomvu wa mti. Unakuja safi, unakata utamu, kisha unaondoka. Uchungu wa kimea kilichokaangwa unafanana na masimbi ya kahawa na ganda la mkate lililoungua. Unakuja polepole na kukaa nyuma kabisa ya mdomo. Stauti za imperial kwa kawaida hubeba kati ya vipimo 50 na 90 vya uchungu wa hopsi, wakati bia nyepesi nyingi hazifiki 20. Ukisikia namba hizo utadhani hazinyweki. Lakini uchungu huo umewekwa kwa sababu sukari iliyobaki ni nyingi. Ondoa uchungu, nawe utabaki na sharubati nyeusi inayokinaisha kwa mafunda matatu.

Wa tatu ni ukakasi, na huu ndio unaochanganywa na uchungu kuliko vyote. Ukakasi si ladha kabisa. Sugua ulimi wako kwenye kaakaa baada ya kumeza: kama unakwaruza, kama mashavu yamenyauka kwa ndani na meno yana unga usioonekana, huo ni ukakasi. Ndizi mbichi hufanya vivyo hivyo. Katika bia unatoka kwenye maganda ya shayiri, hasa yaliyoungua au yaliyooshwa kwa maji moto kupita kiasi wakati wa kukamua kimea. Wapishi makini wana njia za kuukwepa: hutumia kimea cheusi kilichokobolewa, au hukiloweka kimea cheusi peke yake kwenye maji baridi, au hukitia mwishoni badala ya kukipika muda wote pamoja na kingine. Ukakasi kidogo unaifanya stauti ikauke vizuri mdomoni. Ukizidi, hakuna utamu unaoweza kuufunika.

Wa nne ni uchachu. Kuutofautisha na ukakasi kuna njia rahisi ambayo haijanidanganya bado: tazama mate. Uchachu huyaleta, ukakasi huyakausha. Kimea cheusi chenyewe kina asidi, ndiyo maana stauti huwa na uchachu mdogo unaoichangamsha, na ndiyo maana miji yenye maji magumu kama London na Dublin ilifaa sana kwa bia za giza: madini yale yanaituliza asidi. Uchachu mkali wa siki ni habari nyingine. Huo ni bakteria, na chupa imeharibika.

Watu wengi bado wanaambiwa kwamba uchungu huonjwa nyuma ya ulimi tu na utamu kwenye ncha. Mchoro huo wa ulimi uliogawanywa kama ramani ulitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901. Ulimi wote unaonja kila kitu, kwa viwango vinavyotofautiana kidogo sana. Kwa hiyo izungushe bia mdomoni pote, usiilenge mahali.

Nikirudi kwenye gilasi yangu: moto wake ulikuwa mpole, uchungu wa kukaangwa ulikuwa mwingi, ukakasi upo na umepita kidogo kiasi ninachokipenda, na uchachu haukuwapo wa kutaja. Hayo ndiyo niliyoandika kwenye nyuzi 10. Baada ya dakika 25 ilikuwa imefika 14 hivi, na nikaandika upya bila kusoma ya kwanza. Molasi ilikuwa imetokea. Zabibu zilizokuwa mbali zimesogea mbele, na ule ukakasi uliozidi ulikuwa sasa umepata utamu wa kuegemea. Baada ya saa nzima gesi ilikuwa imekwisha karibu yote, na bia ikalala ulimini nzito kama maziwa. Hapo alkoholi ilianza kusikika puani, lakini bila kuchoma.

Nasisitiza kuandika mara tatu. Katika majopo mengi ya waamuzi tunatumia fomu ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa mdomoni 5, na mvuto wa bia kwa ujumla 10. Ni fomu nzuri, nami naitumia, lakini inapiga picha moja tu. Stauti ya nguvu hii hubadilika mno ndani ya saa moja, na msomaji anastahili kujua bia aliyoinunua itakuwaje atakapofika chini ya gilasi.

Sasa ile miaka saba. Nilikuwa na chupa ya pili ya bia hiyohiyo, iliyowekwa miaka minne mahali penye giza na ubaridi. Oksijeni huingia chupani hata kizibo kikiwa kizima, na kazi yake ina pande mbili. Uchungu wa hopsi ulikuwa umefifia, na kahawa yote imeyeyuka ikaacha tende na mvinyo wa zamani. Hilo ni jema. Lakini chini yake palikuwa na karatasi ya boksi iliyolowa, na kwa mbali chumvichumvi ya mchuzi wa soya, ambayo hutoka kwa hamira iliyokufa na kupasuka ndani ya chupa. Ukiona soya, bia imepita wakati wake. Hii ilikuwa imeupita kwa mwaka mmoja pengine. Si kila stauti nzito ni ya kuwekwa: zile zilizotiwa kahawa au hopsi nyingi huonjwa vizuri zaidi zikiwa changa.

Kwa chupa changa nilitoa alama 39. Moja niliipunguza kwenye mguso kwa ajili ya ule ukakasi, tatu kwenye ladha kwa sababu uchungu wa kuungua ulikaa mrefu kuliko utamu ulioubeba, na nyingine hapa na pale, nyingi kwenye harufu iliyochelewa kufunguka. Kwenye mstari wa maelezo niliandika: "Toa kwenye jokofu nusu saa kabla. Chungu, si chachu, inapasha, haichomi. Funda la mwisho ndilo tamu kuliko yote."