Reli ya ngazi ya nje: uongo tunaouziana kuhusu mbao

Mimi ni seremala wa huku pwani, baraza za mbao na ngazi zake za nje ndo zimenilisha, na kila mteja anakuja na elimu yake kaipata kwa jirani. Basi leo tubishane kidogo.

"Gonga nguzo juu ya kidaraja (ule ubao wa kukanyagia) na misumari ya inchi tano, inatosha." Hii ndo inaniudhi kuliko zote. Nguzo ya reli ni sawa na mtaimbo, unasukuma kidogo juu, kule chini panang'oka. Wenzetu Marekani, ambako hizi baraza za mbao ni kitu cha kawaida, kanuni zao zinataka reli ihimili paundi 200, yani kama kilo 90, pale juu inaposhikwa. Sasa piga hesabu: kilo 90 kwenye ncha ya nguzo ya mita moja, hata uwe umeifunga kule chini kwa boliti mbili zilizoachana sentimita 10, ile ya juu inavutwa kwa karibu kilo 900! Msumari utaweza wapi, na hapo bado mvua inavimbisha mbao, jua linaikausha, kila msimu msumari unatoka kidogo kidogo mpaka siku mgeni kaegemea. Chukua nguzo ya inchi 4 kwa 4, iegemeze ubavuni mwa ile mbao nene inayobeba vidaraja, toboa zote mbili, pitisha boliti mbili za nusu inchi zitokee upande wa pili, weka washa pana, kaza nati. Na usichonge nguzo nusu ya unene ili ikae "kimaridadi". Mimi nilishachonga zamani nikajiona fundi kweli kweli, ikapasuka palepale kwenye kona ya mchongo, nikairudia kazi kwa hela yangu.

Boliti zenyewe huku kwetu na chumvi ya bahari chukua stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi), au zile zilizochovywa kwenye zinki ya moto zina rangi ya kijivu iliyofifia. Zile zinazong'aa dukani kama pete ya ndoa zina zinki nyembamba mno, hazikawii kulia kutu, tena kwenye mbao ya dawa, ile iliyotiwa dawa isioze wala kuliwa na wadudu, ndo mbaya zaidi maana shaba iliyomo kwenye dawa inakula chuma.

"Mninga hauozi." Kiini chake kweli kigumu kuoza, lakini ile sehemu nyeupe ya pembeni inaliwa na wadudu kama mbao nyingine, na wauzaji wengine wanakuchanganyia humohumo, so geuza kila ubao uangalie. Paini ya dawa nayo sio kwamba dawa imefika mpaka katikati. Ukikata umefungua mlango, kwa hiyo kila kichwa cha mbao kilichokatwa na kila tundu la boliti vipakwe dawa tena, maana maji yanaingilia kichwani kwa kasi kuliko ubavuni.

"Nguzo ya chini ichimbie kwenye zege, mchwa hawafiki." Zege likishika mguu wa mbao linatunza maji kama kikombe, na mbao ikisinyaa inaacha upenyo ambao mchwa wanapita bila hodi. Weka kiatu cha chuma juu ya zege, mguu uning'inie sentimita mbili tatu juu, upepo upite.

"Mbao pana juu ya reli ndo imara." Imara sawa, ila unaishikaje? Mtu akiteleza kwenye ngazi anahitaji kitu vidole vikizunguke, duara la kipenyo kama sentimita 4 hivi, sio ubao wa kuwekea glasi ya juisi. Kimo chake kipimwe toka ukingo wa mbele wa kidaraja kwenda juu wima, sentimita 87 mpaka 96 hapo, wazee na vijana wote wanafika.

Nafasi kati ya fito zinazoziba chini ya reli nazo watu wanakadiria kwa macho. Mpira wa sentimita 10 usipite, basi. Mwili wa mtoto unapenya kirahisi kuliko kichwa, hapo ndo hatari ilipo. Na fito za kulala msiniambie, kwa mtoto hizo ni ngazi nyingine.

Vanishi ya makochi nje? Jua litaibambua kama ngozi ya nyoka, tumia mafuta ya mbao za nje, urudie yakianza kufifia.

Na vile vipande vya mbao ya dawa vinavyobaki, ile ya kijani, usimpe mama ntilie akavipikie eti ni kuni za bure. Dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, ukichoma nyingine inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye majivu.