Alama ya PG Si Ruhusa ya Kumwachia Mtoto Rimoti

Shule zikifungwa, malalamiko hufunguka. Ndivyo mambo yalivyo kila Aprili, kila Agosti na kila Novemba kwetu sisi tunaokagua na kuainisha filamu na vipindi jijini Nairobi. Mzazi anarudi jioni kutoka kazini, anamkuta mwanawe wa Gredi ya Tano mbele ya kipindi ambacho yeye mwenyewe angeona haya kukitazama na mama mkwe, kisha anapiga simu kuuliza serikali iko wapi. Ana haki ya kuuliza. Lakini mara nyingi kipindi kilikuwa na alama ya umri kinaoufaa, alama ilionyeshwa, na hakuna aliyejishughulisha kuisoma.

Makala haya yanawahusu wenye watoto wa miaka 9 hadi 12. Walio wadogo zaidi wana vipindi vyao, na wazazi huwa macho. Walio wakubwa wana simu zao, na hilo tuliache kwa leo. Hawa wa katikati ndio wanaosahaulika. Wana akili ya kufuata kisa kirefu, lakini bado wanaamini kwamba watu wa kwenye runinga wanavyozungumza ndivyo watu wazima wanavyozungumza.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, imekuwepo tangu miaka ya 1960. Chini yake, Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya hutoa alama: GE ya kijani kwa watazamaji wote, PG ya bluu kwa mtoto anayeongozwa na mzazi, 16 ya manjano na 18 ya nyekundu. Ipo pia R, ambayo humaanisha filamu hairuhusiwi kuonyeshwa wala kusambazwa.

Tazama pengo lililopo hapo. Baada ya PG kinachofuata ni 16. Hakuna 10, hakuna 13. Kwa hiyo karibu kila kitu anachokipenda mtoto wa miaka 11 (vichekesho vya shule, visa vya kijasusi, mashindano ya vipaji) kinaangukia kwenye PG, na PG ni pana. Kuna PG ambayo kosa lake kubwa ni mtoto kumdanganya mwalimu, na kuna PG yenye mazishi, talaka na ngumi tatu nne. Zote ni za bluu. Ndiyo maana alama huambatana na maneno machache ya tahadhari yanayotaja kilichomo: ukatili, lugha, pombe, mambo ya kutisha. Maneno hayo ndiyo ya kusoma. Rangi peke yake haikusaidii.

Tena, alama hupima madhara. Haisemi kwamba kipindi ni kizuri, kina mafunzo au kimetengenezwa kwa ustadi. Tumewahi kuambiwa, kwa ukali, kwamba "mlikipitisha kipindi cha kijinga." Ndiyo, tulikipitisha. Ujinga hauna alama.

Sasa katuni. Naomba hili lieleweke, kwa sababu tumelisema hadi tumechoka: katuni ni namna ya kutengeneza picha tu. Zipo katuni zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, zenye matusi, ngono na damu, na hupewa 18 kama filamu nyingine yoyote. Yaya aliyeambiwa "muwekee katuni tu" hajapewa maagizo yoyote. Mpe jina la chaneli. Akili Kids, kwa mfano, ni chaneli ya watoto iliyoanza kurushwa bila malipo Machi 2020, wakati shule zilipofungwa kwa sababu ya korona. Kutoka Dar es Salaam kuna Ubongo Kids, inayofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na visa, na Kiswahili chake hakikwaruzi sikio. Mtoto wa miaka 12 huenda akaziona za kitoto. Hilo ni tatizo halisi na sina dawa yake ya haraka.

Wenye huduma za kutazama kupitia intaneti hukutana pia na alama za nje. TV-Y7 ya Marekani hulenga watoto kuanzia miaka 7, na zikiongezwa herufi FV, kuna mapigano ya kubuni ndani yake. PG-13 nayo ni ya filamu za Marekani. Haifanani na PG yetu, wala wakaguzi wao hawapimi kwa mizani yetu, hasa katika mambo ya mapenzi na ushirikina. Mwenye akaunti anaweza kumfungulia mtoto wasifu wake, auwekee umri, kisha aufungie wa watu wazima kwa namba ya siri. Aizime pia ile tabia ya sehemu moja kufuata nyingine bila kubonyeza. King'amuzi kina kufuli la namna hiyo hiyo, na wengi wameacha namba iliyotoka nayo kiwandani. Watoto wanaijua. Wanaambiana shuleni.

Kuhusu saa. Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hutenga muda wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa wa vipindi vinavyoifaa familia nzima. Dhana iliyoenea ni kwamba kabla ya saa nne mtoto yuko salama na baada ya saa nne kosa ni la stesheni. Dhana hiyo ina makosa pande zote mbili. Familia nzima maana yake mna watu wazima pale sebuleni. Na baada ya saa nne stesheni ina uhuru mpana zaidi, kwa hiyo mtoto wa miaka 10 aliye macho saa nne na nusu yuko chini ya ulinzi wako.

Halafu kuna visivyopewa alama kabisa. Taarifa ya habari ya saa moja haiainishwi. Mtoto mdogo huogopa zimwi. Huyu wa miaka 10 ameshajua zimwi halipo, na sasa anaogopa moto, utekaji na mafuriko, yaani mambo yanayoonyeshwa kwenye habari, tena katika mtaa anaoufahamu. Mtangazaji akionya kwamba picha zinazofuata zinaweza kuogofya, ile nafasi fupi ni ya kumtuma mtoto jikoni. Matangazo ya biashara nayo hupenya katikati ya mechi ya saa kumi jioni. Mwaka 2025, mwezi Aprili, Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na moja ya sababu ilikuwa kurushwa kwake katika saa za familia.

Najua ushauri wetu rasmi husema mtoto apelekwe chumba kingine. Aliyeuandika hajaishi Pipeline wala Kayole, mitaa ya Nairobi iliyosongamana. Nyumba ikiwa ni chumba kimoja, runinga moja na pazia, hakuna pa kumpeleka mtoto, na suala si tena kumchagulia vipindi. Wewe ndiwe unayepaswa kubadili cha kwako. Tamthilia ya mapenzi iliyotafsiriwa, inayoanza saa moja na nusu, inamhusu na yeye hata akijifanya anaandika kazi ya ziada. Geuza runinga ukutani, masikio yake yanabaki.

Unachaguaje basi? Usihukumu kwa sehemu ya kwanza; sehemu ya kwanza huwa na adabu za mgeni. Chukua moja ya katikati ya msimu na uitazame yote. Usihesabu ngumi. Angalia kinachofuata ngumi: aliyepigwa anaumia, au anainuka akicheka? Aliyeiba anajulikana? Sikiliza wanavyomsemesha mama, mlinzi wa lango na mfanyakazi wa nyumbani. Angalia nani anachekwa na kwa kosa gani, kama ni kwa kunenepa, kwa kigugumizi au kwa lafudhi ya kwao. Binafsi ningemruhusu mtoto wa miaka 11 kisa chenye kifo kinacholiliwa ipasavyo, kabla ya kumruhusu kichekesho ambacho kila mzazi ndani yake ni mpumbavu. Wenzangu wengine ofisini hawakubaliani nami. Kisha muulize mtoto akusimulie. Akishindwa kueleza kwa nini mtu alitenda alilotenda, kipindi kimemzidi.

Nje ya nyumba, hali ni nyingine. Vibanda vya video huonyesha mechi na baadaye filamu za kutafsiriwa na dijei. Filamu yenyewe huenda ilipewa PG, lakini maneno ya dijei hayakukaguliwa pamoja nayo, na mara nyingi ndiyo machafu kuliko picha. Matatu zenye skrini nazo ni mahali pa maonyesho kwa umma. Anayeonyesha filamu isiyo na cheti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 5, au adhabu zote mbili. Hiyo ni tofauti na kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kinachomhusu anayemwonyesha mtoto picha chafu kwa nia ya kumwingiza katika ngono: kifungo kisichopungua miaka 6, au faini isiyopungua shilingi 500,000, au vyote viwili, akirudia, kifungo kisichopungua miaka 7 bila nafasi ya faini. Hilo la pili peleka polisi. Usilete kwetu kwanza.

Malalamiko kuhusu kipindi cha stesheni huanza kwa stesheni yenyewe, kwa maandishi. Usiporidhika, andikia Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo ofisi zake ziko Waiyaki Way, ukiambatisha barua ya kwanza na jibu ulilopewa, au ukieleza kwamba hukujibiwa. Juu yake lipo Baraza la Rufaa la masuala ya mawasiliano. Suala la alama, vibanda na matatu lilete kwa Bodi, Uchumi House, Aga Khan Walk. Taja jina la kipindi, chaneli, tarehe, saa na tendo au maneno yaliyokuudhi. Kwa saa, tafadhali andika asubuhi au usiku, maana "saa nne" pekee ni nyakati mbili. Mtangazaji anatakiwa kisheria kuweka kumbukumbu za vipindi vyake kwa mwaka mmoja, kwa hiyo ukitaja tarehe kuna kitu cha kuchunguza. Ukiandika "juzi juzi, ile ya wale wasichana," hatuna pa kuanzia.

Kwa matatu tunahitaji namba ya usajili, jina la sacco (chama cha wenye matatu), njia inayopita na saa uliyopanda. Usigombane na makanga. Video uliyorekodi itume kwetu peke yetu, bila kuipitisha kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, kwa sababu ukiisambaza huko, nawe umeonyesha.