Mkanda wa Jeshi Umepona, Mbona Neva Bado Zinawaka?

Wanaokuja kliniki yetu hapa Nairobi na shida hii hufanana. Waliugua mkanda wa jeshi, malengelenge yakakauka, ngozi ikarudi sawa, ila miezi kadhaa baadaye hawavumilii hata shati likiwagusa ubavuni. Kwenye matatu hung'ang'ania kiti cha dirishani wasije wakapigwa kiwiko. Wameshanunua diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kemisti hii na ile, wapi! Nyumbani watu wameanza kunong'ona kwamba wanajisingizia. Hawajisingizii.

Neva hupeleka habari kwa umeme, na umeme huo hutokana na ioni, yaani chembe zenye chaji, hasa za sodiamu, zinazopenya kwenye vijia vidogo vya utando wake. Aliyewahi kung'olewa jino anavijua bila kujua: sindano ya ganzi huziba vijia hivyo vya sodiamu, ukasikia jino likivutwa tu, bila uchungu. Kimojawapo huitwa Nav1.7. Mwaka 2006 watafiti walieleza familia tatu za kaskazini mwa Pakistan ambamo baadhi ya watoto walizaliwa kijia hicho hakifanyi kazi, na hawakuwahi kuhisi maumivu yoyote. Usiwaonee wivu, walijing'ata ndimi na midomo, wengine wakavunjika mifupa pasipo kujua.

Sasa kinga ya mwili inaingiaje? Neva ikijeruhiwa, kama inavyojeruhiwa na mkanda wa jeshi, seli za kinga ziitwazo makrofaji hufika kusafisha mabaki, na bila usafi huo neva haioti upya vizuri. Tatizo ni kemikali zinazomwagwa na seli hizo, kama TNF na interlukini-1, ambazo hufanya vijia vifunguke kwa urahisi kupita kiasi. TRPV1, kijia kilekile kinachoamshwa na pilipili, kwa kawaida hungoja joto la nyuzi 43 hivi. Penye uvimbe, joto la mwili tu linaweza kukitosha.

Ndani ya uti wa mgongo mambo huwa mazito zaidi. Huko seli za kinga ziitwazo mikroglia hutoa kemikali ya BDNF, inayovuruga uwiano wa kloridi, ioni nyingine, ndani ya neva, na breki inayozuia mguso wa kawaida usigeuke maumivu ikalegea. Hayo yalionekana kwa panya, tena madume. Kwa majike, seli nyingine za kinga, seli T, zinaelekea kushika kazi hiyo. Kwa miaka mingi maabara zilitumia madume peke yao, jambo ambalo mimi naliona ni uzembe.

Diklofenaki huzuia prostaglandini, kemikali nyingine ya uvimbe, kwa hiyo haya yote huyapita kando. Kuna dawa zinazolenga neva zenyewe: gabapentini hushika sehemu ya kijia cha kalisiamu, na kabamazepini huziba vya sodiamu, lakini hizo si dawa za kujinunulia: kipimo hupandishwa polepole, na kuziacha ghafla ni hatari.

Ukimwona daktari, usiishie kusema "naumwa." Sema kama panachoma, panapiga shoti, au pana ganzi. Akikupapasa kwa pamba kisha kwa ncha ya pini, na pamba ndiyo iliyouma zaidi, mwambie hivyo hivyo.